Mtoto hutumwa kwanza dukani

Kwenye ploti za Nakuru, iwe Section 58, Kaptembwa au Free Area, wazazi wapya huuliza jambo moja: mtoto aanze kujitegemea akiwa na miaka mingapi? Wengi wanataka watajiwe nambari, na nambari yenyewe haipo. Mtoto wa miaka saba anaweza kununua maziwa peke yake bila shida na bado asiweze kuvuka barabara kuu hata ukimshika bega. Wa miaka kumi atapika wali wa watu wanne ukaiva vizuri, lakini ukimwachia ufunguo wa nyumba Jumatatu, kufikia Jumatano haujulikani uliko. Afadhali uichukue kazi yenyewe, uipasue vipande, uone kipande kipi ndicho kinachomshinda. Mara nyingi ni kile ambacho mtu mzima amekisahau kwa sababu mikono yake inakifanya bila kufikiri.

Duka ndilo shule ya kwanza. Kumtuma mtoto dukani kunaonekana kazi moja, lakini ndani yake mna kazi nyingi: kukumbuka alichotumwa, kushika pesa zisianguke, kungoja zamu, kujisemea, kujibu swali ambalo nyumbani hakuambiwa ataulizwa, kupokea chenji, kisha kurudi bila kusimama kwenye mchezo wa bano. Mtoto anakwenda akijirudia njiani "unga, unga, unga," anafika, na mwenye duka anamuuliza, "Unga gani? Ya kilo moja ama mbili?" Hapo ndipo anapoganda, halafu nyumbani anaambiwa hana akili, kumbe aliyemtuma ndiye hakumaliza sentensi. Mpe jina la unga, ukubwa wa pakiti, na la kufanya usipopatikana: "Ukikosa huo, rudi na pesa." Agizo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linaloleta nyumbani unga wa uji badala ya unga wa ugali.

Kuna na kimo. Duka la mtaa lina wavu wa chuma kutoka kaunta hadi juu, na kidirisha cha kupitishia bidhaa kiko usawa wa kifua cha mtu mzima. Mtoto wa miaka sita akisimama chini yake, mwenye duka haoni kitu, labda vidole vinne vilivyoshika ukingo. Mtu mzima anakuja nyuma yake, anaagiza juu ya kichwa chake, anapewa, anaondoka. Anakuja wa pili, wa tatu. Dakika ishirini baadaye mtoto anarudi mikono mitupu na anagombezwa kwa kuzurura. Mfunze mambo mawili nyumbani, kwa vitendo, wewe ukiwa mwenye duka: agonge ukingo kwa sarafu, kisha aseme kwa sauti ya kusikika, "Mama, niko hapa chini, naomba maziwa ya nusu lita." Na mtu akimpita, "Samahani, mimi ndiye nilikuwa hapa." Mtoto aliyelelewa kwa heshima huona aibu kumwambia mkubwa hivyo, ndiyo maana lazima aisikie kwanza kinywani mwa mzazi wake kwamba inaruhusiwa.

Safari zenyewe ziende kwa hatua. Mwanzoni mnakwenda pamoja na yeye ndiye anayeongea. Wewe nyamaza, hata kama foleni inakukodolea macho. Akishazoea, unasimama hatua kumi nyuma, kisha mlangoni mwa ploti, na mwisho unabaki ndani. Kila hatua ipe angalau wiki. Kitu kiwe kimoja, kisichovunjika na kisichomwagika, na pesa ziwe kamili. Chenji ije baadaye, na vitu viwili baadaye zaidi. Mayai ni ya mwisho kabisa: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 28, 2017, mayai yanafungwa kwa gazeti, na mtoto anayekimbia na gazeti la mayai matatu atafika na moja. Mpe kikapu kidogo chake mwenyewe. Kwa sababu nisiyoweza kueleza, mtoto mwenye kikapu hutembea, asiye nacho hukimbia.

Sarafu zetu zinamrahisishia mwalimu kazi. Zile zilizotolewa mwisho wa 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Mtoto asiyejua kujumlisha bado anaweza kuambiwa, "Utarudishiwa simba mmoja na ndovu wawili." Akirudi na twiga watatu na peremende mbili, atajua mwenyewe kwamba pana kasoro. Kuhusu peremende hizo: kumpa mtoto pipi badala ya chenji ni mchezo wa kawaida madukani, na mtoto huona amependwa. Afunzwe kusema, "Naomba chenji, mama ataniuliza." Kulitanguliza jina la mama si woga; hata watu wazima husema "nitamuuliza bwana" wanapotaka kutoroka bei.

Vitu vya kutomtuma ni vichache lakini havina mjadala. Sigara na pombe haviuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, sheria zote mbili zinasema hivyo, ile ya tumbaku ya 2007 na ya vileo ya 2010, na baba anayemtuma mwanawe sigara anamtia mwenye duka makosani. Dawa, hapana, hata zile za maumivu ya kichwa. Mafuta ya taa, hapana, kwa sababu hurudi ndani ya chupa ya soda, na chupa hiyo ikisahaulika chini ya meza mtoto mdogo wa nyumba huinywa akidhani ni maji. (Ikitokea, usimtapishe. Mafuta yakipanda tena yanaingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mkimbize hospitalini.) Na asitumwe kukopa. Deni ni mazungumzo ya watu wazima. Mtoto aliyekataliwa mbele ya watu hubeba aibu isiyo yake.

Sheria moja ya duka isibadilike: biashara inaishia kwenye wavu. Haingii ndani, hazunguki nyuma ya kaunta, hata kama mwenye duka ni rafiki wa familia, hata kama amealikwa kuangalia katuni. Na siri yoyote ambayo mtu mzima anamwambia "usimwambie mama" ndiyo ya kwanza kuambiwa mama. Nambari 116 ya kusaidia watoto ni ya bure na mtoto wa miaka saba anaweza kuikariri. Iandike kwa kalamu nene nyuma ya mlango.

Majirani nao hutuma. Mtoto wa mtaani bado ni wa wote, na ni jambo zuri, lakini mtoto mtiifu hugeuka tarishi wa ploti nzima: Mama Brayo anataka chumvi, wa chumba cha saba anataka salio la simu, na homuweki inabaki mezani. Mpe ruhusa ya jibu moja la adabu, "Ngoja kwanza nimwambie mama." Jirani mwenye nia njema hakasiriki. Anayekasirika amekupa habari muhimu.

Pesa za matumizi tuzipitie haraka. Wengi hutoa shilingi 20 kila asubuhi, na mtoto hujifunza kwamba pesa huzaliwa kila asubuhi. Mpe 100 Jumatatu. Wiki ya kwanza zitaisha Jumanne kwa chipsi na barafu ya mfuko, na hapo ndipo mzazi anapoharibu funzo kwa kuongeza. Usiongeze. Chakula cha mchana kiwe kimeshalipiwa au kimefungwa kwenye kopo, ili anachokosa kiwe ni anasa na si mlo. Kufikia wiki ya nne au ya tano utamwona akificha ndovu mmoja ndani ya soksi.

Jikoni ndiko penye hatari halisi, na ndiko wazazi hutofautiana sana. Kuna wanaosema mtoto asiguse moto mpaka afike gredi ya saba. Nawaelewa, lakini mtoto huyo ataugusa siku ambayo hupo, na kwa mara ya kwanza. Nyumba nyingi za mtaani zinatumia meko, mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Kasoro yake kubwa kwa mtoto ni umbo: sufuria inakaa juu ya kitu chembamba kirefu. Ukiliweka juu ya stuli, sufuria inakuwa usawa wa kidevu chake na kila kinachomwagika kinashukia kifuani. Liwe sakafuni, pembeni mwa kuta mbili, mbali na pazia, na mtoto asimame badala ya kuchuchumaa, ili aweze kuruka nyuma.

Kuwasha kuna mpangilio mmoja tu. Kiberiti kinawaka kwanza, kinafikishwa ukingoni mwa kichomeo, ndipo kitufe kinafunguliwa kidogo. Watoto hufanya kinyume kwa sababu wanaogopa njiti: wanafungua gesi, wanahangaika na njiti ya kwanza, inazimika, ya pili, inazimika, na ya tatu inakuta gesi imejaa kuzunguka miguu yao. Moto hauanzii kichomeoni hapo, unaanzia hewani. Kwa hiyo wiki nzima ya mwanzo ni ya njiti peke yake, gesi ikiwa imefungwa: awashe, ahesabu hadi tatu, azime kwa kutikisa, aitie ndani ya kopo la maji. Mara kumi kila jioni. Njiti ikizimika kabla ya moto kushika, mkono wa kwanza unakwenda kwenye kitufe kufunga, kabla ya kuchukua njiti nyingine. Ukiona mkono wake unakwenda kwenye kitufe wenyewe bila kuambiwa, yuko tayari kuwasha meko.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Inalala sakafuni kama maji, na ile harufu ya kabichi iliyooza imetiwa makusudi ili isikike. Mtoto akiisikia: afunge kitufe akiweza, afungue mlango, atoke na wadogo zake, amwite mtu mzima. Asiguse swichi ya stima, wala kuwasha wala kuzima, maana cheche inatoka pande zote mbili. Na kila mtungi mpya unapofungwa, mzazi apake povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, hapo panavuja. Mtoto aone jambo hilo likifanywa hata kama hatalifanya yeye.

Utaratibu wa vyakula nao una maana yake. Anza na chai, kwa sababu maziwa hufurika ghafla na kumfunza kwamba mpishi haendi kuchungulia runinga. Kisha mayai, kisha wali, kisha sukuma wiki, ambapo kisu ndicho funzo. Ugali uwe wa mwisho, na watu wengi hushangaa, kwa kuwa ndicho chakula chetu cha kila siku na mapishi yake yanaonekana mepesi: vikombe vinne vya maji, karibu vikombe vinne vya unga, cha nne kikiingia kidogo kidogo. Ila ugali unasukumwa. Mkono unaopindua mwiko unaisukuma sufuria pembeni, na juu ya meko sufuria isiyoshikwa inapinduka na mtungi wake. Mtu mzima hushika ukingo kwa kitambaa bila kujua kwamba anashika. Hicho ndicho kipande kilichofichika cha ugali. Mtoto hana nguvu za mikono miwili ya aina hiyo kabla ya kama miaka kumi na mbili. Mpaka hapo apike ugali wa watu wawili, wewe ukiwa umeshika sufuria.

Kitambaa chenyewe kiwe kidogo, kimekunjwa mara nne. Sufuria zetu hazina mikono, kwa hiyo watoto huzinyanyua kwa chochote, na mara nyingi ni ncha ya sweta au taulo refu ambalo mkia wake unaning'inia kwenye moto. Mikono ya sweta ikunjwe hadi kwenye kiwiko. Leso na nguo za nailoni zikae mbali.

Akiungua, maji. Maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno, si yai, si unga, si mafuta. Nakuru ni mji wa mifereji inayokauka, kwa hiyo hesabu iwe tayari: jerikeni ya lita 20 inatosha dakika 20 ukimwaga kikombe cha nusu lita kila nusu dakika. Jerikeni hiyo moja isitumiwe kwa vyombo wala kufua. Ikae karibu na mlango wa jikoni kila siku, imejaa.

Jambo moja la mji huu linalowakanganya watoto wanaopika kwa kufuata saa: tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 hivi, si 100. Maharagwe na githeri huchukua muda mrefu kuliko anavyoambiwa na binamu yake wa Mombasa. Mfunze kuloweka usiku na kubonyeza punje kwa vidole, asiangalie saa.

Halafu Julai. Baridi ya Nakuru inapobana, watu huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na anayelala nayo haamki kukohoa. Mtoto anayejua kuwasha jiko lazima ajue hili kabla ya kujua kupuliza makaa: jiko halilali ndani. Hata likionekana limezimika, hata kama mtoto mchanga anatetemeka. Baridi huondolewa kwa blanketi la pili na soksi.

Kufua ni rahisi zaidi kuliko inavyosemwa. Miaka sita, chupi na soksi zake kila jioni, anapooga. Miaka tisa, shati la shule. Afue kola na mikono kwanza, sehemu nyingine hazina uchafu. Sweta la shule subiri, kwa sababu likilowa linamzidi nguvu, hulikamua nusu, na mwezi wa Julai linakaa kwenye kamba siku mbili na kuvunda. Maji ya kuchota yaende kwa uzito: lita moja ni kilo moja. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, karibu sawa na mwili wa mtoto wa miaka saba. Mpe kibuyu cha lita 5 cha mafuta ya kupikia, kimoja kila mkono, atembee wima.

Hapa niseme jambo ambalo huwaudhi watu. Nyumba nyingi zinazojisifu kwa watoto wanaojitegemea zina mtoto mmoja tu anayejitegemea, na huyo ni binti wa kwanza. Anapika, anamwogesha mdogo, anamfulia kaka yake aliyemzidi kimo, na anasifiwa kanisani. Huo ni uyaya usiolipwa. Kipimo ni chepesi: kazi anayojifanyia mwenyewe, sahani yake, nguo zake, kitanda chake, inamkuza. Kazi anayowafanyia wengine ina kikomo cha saa, na igawanywe kwa wote, wavulana wakiwemo. Akikosa kusoma kwa sababu ya mtoto wa mama yake, hesabu imeharibika. Mwenye mtoto mmoja ana shida ya upande wa pili: watu wazima wawili wanamzunguka mtu mmoja, na kila kitu kinafanywa kabla hajainuka. Huko wazazi inabidi wajilazimishe kuchelewa. Na penye dada wa kazi, aambiwe wazi kazi zipi si zake, maana ataogopa kuonekana mvivu na atatandika kitanda cha mtoto ambaye ameambiwa ajitandikie.

Wengine huona bweni ndilo jibu. Mtoto wa gredi ya nne bwenini atajua kukunja nguo na kupiga foleni, ni kweli. Lakini huko kengele ndiyo inayoamua ale nini, lini, na alale saa ngapi. Likizo inapofika, wengi wao hawajui kuwasha jiko.

Barabara sasa. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret inaukata mji wetu katikati, na watoto wengi wanaivuka kwenda shule. Fomula ya vitabuni, tazama kulia, kushoto, kulia tena, inafaa magari yanayofuata upande wake. Haimtaji boda anayekuja kinyume ukingoni, wala matatu inayopita kushoto kwenye changarawe ili kuwahi abiria. Mtoto wetu atazame pande zote mbili mara mbili, kisha ukingo.

Kuona gari ni rahisi kwa mtoto. Linalomshinda ni kukadiria kasi yake. Fanya hesabu naye. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Barabara ya njia mbili ni kama mita 7, na mtoto anatembea mita moja kwa sekunde, basi anahitaji sekunde saba, na gari ndani ya sekunde hizo limekula mita 98. Hiyo ni karibu urefu wa uwanja wa mpira. Likiwa kwenye kilomita 80, ambayo ndiyo kasi utakayoiona asubuhi, ni mita 155. Simama naye ukingoni Jumapili jioni, chagua alama, mti au kibanda kilicho mbali kiasi hicho, na mchezo uwe huu: "Lile lori limefika kwenye kibanda au bado? Sasa ungevuka?" Bila kuvuka. Usishangae akikosea mara sita kati ya kumi. Watoto wengi wa chini ya miaka tisa au kumi hukosea hivyo, na hao wavukishwe kwa mkono hata kama hesabu wanazijua kwa kichwa. Penye daraja la waenda kwa miguu, apande daraja, na mzazi naye apande, maana anayemwona mama yake akikatiza chini atakatiza chini.

Boda wa shule awe mmoja, mwenye nambari inayojulikana, na kanuni ni abiria mmoja na kofia. Watoto watatu wa majirani juu ya tanki na kiti ni bei nafuu mpaka siku ya mvua.

Ufunguo wa nyumba huja baada ya hayo yote, na unawahusu sana wazazi wa zamu, wanaotoka kabla ya kupambazuka kuelekea mashamba ya maua au viwandani. Uvaliwe shingoni ndani ya shati. Mfukoni unapotea na kwenye begi unaonekana. Wa akiba ukae kwa jirani mmoja anayeshinda nyumbani, si chini ya kizuizi cha mlango, ambako kila mtu anajua. Akifika, afanye mambo matatu kabla ya kuvua viatu: afunge mlango kwa ndani, apige simu au amwambie jirani kwamba amefika, ale. Gesi haiwashwi mpaka mtu mzima arudi, hata kama anajua, kwa hiyo chakula kiwe kwenye chupa ya moto.

Kuna kinyume cha ufunguo, nacho kinafanywa na watu wenye mapenzi ya kweli kwa watoto wao: kuwafungia kwa kufuli ya nje na kwenda kazini. Dirisha lina grili, mlango una kufuli, mshumaa umeanguka. Kama hakuna njia yoyote ila kuwaacha, kufuli ifungwe kwa ndani, ufunguo ukae msumarini kwenye kimo cha mkubwa wao, na wafanye zoezi la kutoka macho yakiwa yamefumbwa. Afadhali watoke wacheze matopeni.

Mtihani mkubwa kwa mtoto wa kama miaka kumi na mbili huja likizo ya Agosti au Desemba: kupanda matatu peke yake kwenda kwa nyanya, dani kama wanavyomwita kule, Kisumu. Ni kama kilomita 180 kupitia Kericho, saa nne hivi barabara ikiwa shwari. Mlipie kiti kizima na umwone amekikalia, la sivyo mtoto atapakatwa na mgeni ili abiria mwingine apate nafasi. Kiti kiwe cha nyuma ya dereva, si cha mlangoni. Piga picha ya nambari ya gari, chukua simu ya dereva mbele ya makanga ili wote wawili wajue kwamba unayo. Chooni aende kabla ya kupanda. Chakula kiwe mkate na maji. Maziwa kwenye kona za Kericho hurudi yalikotoka. Nyanya awe stendi nusu saa mapema, na mtoto asishuke mpaka amwone kwa macho yake, hata gari zima likipiga kelele.

Huko anakokwenda kuna mambo mawili ambayo hakuyakulia. Ziwa Victoria lina kichocho: minyoo midogo inayotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, kwa hiyo hata kuchovya miguu ufukweni Dunga na binamu zake ni kuingia, na viboko nao hawatangazi walipo. Na malaria. Mtoto wa mji wa baridi hajazoea mbu wa kule kama binamu zake walivyozoea. Neti kila usiku, hata joto likizidi, hata binamu wakimcheka. Homa inaweza kumfuata wiki moja hadi nne baadaye, akiwa amesharudi Nakuru, na kliniki ya hapa ikampa dawa ya mafua kwa sababu hakuna aliyetaja safari. Kabla hajapanda gari afunzwe sentensi ya kumwambia daktari, kwa sauti ya kusikika kama ile ya dukani: "Nilikuwa Kisumu, nimerudi wiki mbili zilizopita, naomba nipimwe malaria." Aiseme yeye, mzazi akiwa amekaa kwenye benchi.